Ubao wa Binti wa Mwosha Maiti

Wametusimulia waliotutangulia, Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani palikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, Maalim Shadhili, mcha Mungu ambaye neno baya halikumtoka kinywani. Hata akimfukuza mbuzi alimwambia "tafadhali." Watu wakamsifu, wakampelekea watoto.

Miongoni mwao alikuwamo Mize, binti wa Bi Kidawa, mwosha maiti wa mji, kazi ambayo wengi waliionea kinyaa. Kila asubuhi watoto walimpa Maalim mbao zao zilizoandikwa aya za kusoma, naye akazipokea kwa mikono miwili. Ubao wa Mize hakuupokea. Alimwonyesha mkeka kwa ncha ya fimbo, mtoto auweke chini, kisha akauvuta kwa fimbo ileile. Mize akisoma, macho ya Maalim yako mlangoni. Hakumtukana. Hakumwambia sogea kule. Lakini watoto wana macho, jamani! Haukupita mwezi wakajitenga naye wenyewe, Mize kabaki peke yake pembeni kana kwamba ana ndui. Akagoma kwenda chuoni.

Bi Kidawa akajifunga leso kiunoni, akaenda. Akakuta na wazazi wengine wapo.

"Maalim, umemwambia nini mwanangu hata hataki kusoma?"

"Sijamwambia lolote baya, Bi Kidawa. Niko tayari kuapa." Akauchukua msahafu.

"Apa. Ulimi wako naujua, ni msafi. Ukimaliza, niapie na fimbo yako."

Mzazi mmoja akaguna. "Mama we, unamvunjia mwalimu heshima kwa ajili ya fimbo?"

"Wewe nyamaza! Ubao wa mwanao unapokewa." Akamgeukia Maalim. "Mama yako alipofariki, maradhi yalikuwa yamemharibu hata dada zako wakasimama uani. Nilimwosha kwa mikono hii, Maalim. Sikumgeuza kwa fimbo."

Maalim akautazama msahafu mkononi. Angeapa, kila neno lingekuwa kweli, na mji mzima ungemwamini. Hapo ndipo alipotahiniwa. Akaurudisha msahafu mahali pake.

"Siapi," akasema. "Nikiapa nitakuwa mwongo kwa maneno ya kweli. Mtoto nimemfukuza mimi, na hawa wenzake nimewafundisha mimi kumkimbia."

Kesho yake Mize alikuja. Kwa mazoea akauweka ubao chini, akarudi nyuma. Fimbo haikuwapo. Maalim akainama mpaka mkekani, akauokota kwa mikono miwili, akamtazama usoni.

"Soma, mwanangu."

Mize akasoma. Hakuna aliyeamrishwa, lakini kabla hajamaliza aya, wenzake wawili walikwisha kusogea karibu naye.

Sasa ninyi mnaosomesha, msinikunjie uso. Mnamdharau mtoto wa watu kwa kope na kidevu, akikimbia mnasema, "Mbona sikumwambia kitu?" Mmemwambia! Na malaika walioko mabegani mwenu hawaandiki maneno peke yake. Mola atusamehe mabaya tuliyoyasema, na zaidi yale tuliyoyatenda midomo ikiwa imefumbwa.