Nguchiro Achagua Mashine ya Polishi

Kaeni kitako!

—Tumekaa!

Nipeni masikio!

—Yachukue, lakini uturudishie!

Nitawarudishia, yakiwa na huzuni kidogo. Hapo kale, wala si kale sana maana magari yalikuwepo, Nguchiro alifiwa na mama yake. Nguchiro ni mnyama mdogo, mwembamba, wa kupita chini ya mlango. Nyumbani kwao walikuwa wawili tu, yeye na mama, na kila asubuhi walichemsha mayai mawili. Sasa mama alikuwa ndani ya gari la maziko, amefungwa mkeka, na Mzee Kobe ameshika usukani.

Nchi ile ilikuwa na desturi yake. Gari la maziko haliondoki kwenda makaburini mpaka kila mfiwa ajitazame kwenye ubavu wa gari na kusema, "Najiona." Akishasema hivyo ni mfiwa kamili: atashika jembe, na nyama ya marehemu ni mwiko kwake. Lakini gari lisipoondoka kabla ya jua kuzama, maiti ni wa Fisi. Sheria hiyo aliitunga nani? Msiniulize mimi. Ninachojua, siku ilipotungwa Fisi alikaa kiti cha mbele.

Gari lenyewe lilikuwa limefubaa, rangi kama majivu, miiba imelichora kila mahali. Nguchiro alilisugua kwa kitambaa tangu alfajiri, sugu sugu sugu, mpaka viganja vikachubuka. Akajitazama. Hakuona kitu. Akalia. Alimlilia mama, akalilia na gari.

"Mjukuu wangu," Kobe akamwambia, "bila mashine ya polishi hatuendi makaburini. Na mashine anazo Fisi peke yake."

Nguchiro alikuwa na mayai saba ya rambirambi, basi. Akajaza mawe kikapuni, akapanga mayai yake saba juu ya mawe, akafunika kwa kanga ya mama. Kikapu kikaonekana kizito, kimefurika. Gari likaenda polepole mpaka dukani kwa Fisi, wafiwa wakilifuata kwa miguu.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Pole sana na msiba," Fisi akasema, na udenda ukamtoka, cho, cho, cho. Alikuwa amekwisha kunusa mkeka.

Akatoa mashine tatu. Ndogo, mayai saba. Ya kati, mayai ishirini. Kubwa, mayai hamsini.

Fisi akakitazama kikapu, akalitazama jua. Moyoni akasema, "Akinunua, nitakula mayai. Akichelewa, nitamla mama yake. Akichelewa kisha akanunua, nitakula vyote." Hi hi hi.

Nguchiro akainamisha kichwa. "Mimi mfiwa, Mzee Fisi, macho yamejaa machozi, sioni vizuri. Hebu nionyeshe ile ndogo, hapo kwenye boneti. Kidogo tu."

Fisi akaichomeka kwenye umeme. Vi-vi-vi-vi-vi! Mashine ikatetemeka kama inaumwa homa, lakini taratibu, taratibu, boneti ikaanza kung'aa.

"Inachelewa," Nguchiro akasema.

"Ndiyo bei yake, binti yangu."

Jua likashuka kidogo. Fisi akafurahi kidogo.

"Mimi mfiwa, Mzee Fisi, macho yamejaa machozi, sioni vizuri. Hebu nionyeshe ya kati, hapo ubavu wa kulia. Kidogo tu."

Vuu-vuu-vuu-vuu! Ubavu wa kulia ukang'aa.

"Waya wake si mfupi? Utafika ubavu wa kushoto?"

"Mfupi? Waya wangu mfupi?" Fisi akazunguka gari kwa hasira. Vuu-vuu-vuu-vuu! Ubavu wa kushoto nao ukang'aa. Jua likashuka. Fisi akafurahi.

Wafiwa wakaanza kunong'ona. "Mama yake yuko ndani ya mkeka, na yeye anauliza habari za waya!" Nguchiro aliwasikia. Ilimuuma sana, lakini hakugeuka. Alikuwa amekikumbatia kikapu, na kanga bado ilinuka moshi wa jiko la mama.

"Mimi mfiwa, Mzee Fisi, macho yamejaa machozi, sioni vizuri. Hebu nionyeshe ile kubwa, hapo nyuma kwenye buti. Lakini nasikia kubwa zinaunguza rangi."

"Inaunguza ukiiachia mahali pamoja! Mjuzi huihamisha, hivi!" Ngrrruuum! Fisi akahema, jasho likamchuruzika hadi mkiani. Buti ikang'aa. Jua likagusa kilima.

"Umechagua?" Fisi akauliza, huku akijilamba.

"Nimechagua, Mzee. Sinunui."

Akafunua kanga. Mayai saba, na chini yake mawe matupu.

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Mayai saba! Basi mama yako ni wangu! Jua hilo linazama!"

"Geuka kwanza, utazame gari," Nguchiro akasema.

Fisi akageuka. Mbele yake alisimama fisi mkubwa, ametoa ulimi, udenda hadi kifuani, sura mbaya kabisa. Fisi akaruka. "Lo! Najiona!"

"Tumesikia!" Kobe akapaza sauti kutoka kwenye usukani. "Fisi ni mfiwa. Mpeni jembe!"

Wafiwa wakapanga mstari mbio mbio. Najiona. Najiona. Najiona. Nguchiro akawa wa mwisho. Akauona uso wake mdogo uliovimba kwa kilio, akasema, "Najiona," na sauti ikakatika. Gari likaondoka jua likiwa limebaki ukucha. Makaburini Fisi akachimba, puku, puku, puku, na alilia kuliko wafiwa wote. Wengine walisema ana roho nzuri.

Asubuhi yake Nguchiro akabandika sufuria. Akachemsha mayai mawili, kwa mazoea. Akala moja. Lile la pili akalitazama mpaka likapoa.

Ngano yangu imekwisha. Funzo lake ni hili: ukienda dukani, nunua kitu cha kwanza unachoonyeshwa, tena kilicho ghali, wala usimsumbue muuzaji kwa maswali. Fisi mwenyewe ndiye aliyenituma niwaambie, na bado ana mashine tatu za kuuza.

Masikio yenu haya hapa!

—Tumeyapokea!

Yafuteni machozi, mkalale.