Bweha na Nyongo ya Tandala

Paukwa!

Pakawa!

Mnajibu kama watu walioshiba. Hadithi ya leo ni ya njaa, jibuni kama wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla wanyama hawajatawanyika kila mmoja na njia yake, walanyama wote waliishi mbuga moja. Waliwinda pamoja, walipika pamoja, walikula chungu kimoja. Bibi Simba alikuwa mkubwa wao, yeye ndiye aliyeangusha mawindo. Fisi alikuwa mpishi. Na kisu kilikuwa mkononi mwa Bweha.

Mnacheka nini? Fisi mpishi? Hata wanyama walicheka. "Fisi kapewa bucha alinde," walinong'ona. Lakini Fisi alipika, akaonja kwa ncha ya ulimi, akawapakulia wote, akala mwisho. Hakuna aliyewahi kumkamata na kosa. Pamoja na hayo, wengi walimtazama kwa jicho la pembeni. Rafiki yake alikuwa Bweha peke yake. Fisi hakumwita Bweha kwa jina. Alimwita ndugu yangu.

Bweha naye alikuwa fundi, tusimnyime haki yake. Kisu chake kilikuwa kifupi. Wenye mapanga aliwaambia, "Panga ni la kukatia kuni." Kwanza alikinoa kwenye kinoo, kwi, kwi, kwi, mpaka kinyoe unywele. Akatandika matawi mabichi, nyama isiguse vumbi. Akamlaza mnyama chali. Akaingiza vidole viwili chini ya ngozi ya tumbo, akainyanyua, akapitisha kisu katikati ya vidole, makali yakitazama juu. Chwaaa. Tumbo likafunguka, utumbo haukuguswa. Utumbo wa nyuma akaufunga kwa kamba ya mkonge, uchafu usimwagike. Kisha akaingiza mkono ndani mpaka kwenye ini. Na hapo, jamani, ndipo penye kazi.

Kwenye ini pana nyongo. Kifuko kidogo cha kijani. Ukikitoa kizima, umeshinda. Ukikipasua, maji yake yakigusa nyama, nyama inakuwa chungu kama shubiri. Na fundi gani hajawahi kukipasua? Kwa hiyo wanyama walikuwa na desturi yao. Ukiipasua, unapaza sauti palepale, "Nyongo!" Basi. Wote wanaacha walichokuwa wakifanya, wanakuja na majivu, wanafuta, wanakata palipoguswa, wanatupa. Nyama iliyobaki inapona. Wewe unachekwa siku hiyo, unacheka nao, yamekwisha.

Bweha ndiye aliyeiharibu desturi hiyo. Siku moja Kicheche alipasua nyongo ya ngiri. Akapaza sauti kama ilivyopasa. Wakafuta, wakacheka, wakala. Lakini Bweha akamtungia wimbo:

Kicheche mkono mzito,
katulisha nyongo ya moto.

Aliuimba kisimani. Aliuimba njiani. Aliuimba mpaka watoto wakaushika. Kicheche akaweka kisu chini, hakukigusa tena. Bweha akaona raha. "Mimi," akasema, "tangu nizaliwe sijamwaga hata tone."

Ukaja ukame. Nyasi zikakauka, mawindo yakahama, mto wa mpakani ukabaki mchanga mtupu. Watoto walilala na njaa, wakaamka na njaa. Bibi Simba alikonda mbavu zikahesabika. Asubuhi moja akajikaza, akavizia, akaruka, puu, akaangusha tandala dume.

Wanyama wakakusanyika wote, wazima na wagonjwa. Wakamzunguka Bweha, wakapiga makofi, wakaimba:

Chuna, Bweha, chuna,
matumbo yananguruma.
Chuna, Bweha, chuna.

Pa, pa, pa. Bweha akasikia jina lake linaimbwa, kichwa kikavimba. Akanoa kwa madaha. Akatandika matawi kwa madaha. Akapasua tumbo, chwaaa, wakapiga vigelegele. Akafika kwenye ini. Hapo mkono unatakiwa utulie, na jicho litazame ndani. Bweha akainua uso awatazame wanaomtazama. Akarusha mkia kufuata makofi. Pa, pa, pa. Kisu ndani, macho nje.

Tsss.

Akasikia majimaji vidoleni. Akatazama. Kijani kilikuwa kinatiririka juu ya ini, kinashuka kwenye sarara, nyama laini kuliko zote.

Neno lilikuwa mdomoni mwake. Nyongo. Neno fupi tu. Akafungua mdomo, na kichwani mwake akasikia ule wimbo wake mwenyewe, ila jina lilikuwa lake. Bweha mkono mzito. Akafunga mdomo. Masikio yakamwaka moto. Akafuta harakaharaka kwa mkia, akakisukuma kile kifuko chini ya matawi kwa mguu, akachota damu akaipaka juu. Damu ikafunika kijani. Makofi yakaendelea. Hakuna aliyeona.

"Tayari," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba.

Fisi akaja na chungu kikubwa. "Ahsante, ndugu yangu. Leo nitachemsha yote, mchuzi uwafikie na wagonjwa."

"Yote?" Bweha akauliza.

"Yote. Nani atapewa, nani atanyimwa?"

Hapo bado angeweza kusema. Ingetupwa sarara na ini, nyingine ingeliwa. Akatazama kisu chake. Akajiambia, nyama ni nyingi, nyongo ni kidogo, labda haitasikika. Mnajua mtu anayejidanganya hakosi hoja. Fisi akakata vipande, akatia chunguni, akaweka chumvi, akafunika. Bweha akakaa karibu naye akijifanya ananoa kisu.

Chungu kikatokota, bwata bwata bwata. Harufu ikawaamsha wagonjwa. Bibi Simba akapewa kipande cha kwanza, kama ilivyo heshima. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatema.

Chui akaonja, akatema. Watoto wakaonja, wakaanza kulia. Mchuzi, mchungu. Paja, chungu. Mbavu, chungu. Chungu kizima, tandala mzima, na hakuna maji mengine hata ya kuoshea.

"Fisi," akasema Bibi Simba, "umetia nini humu?"

"Chumvi tu, Bibi."

"Ametia shubiri," akasema Chui. "Anataka sisi tushindwe, yeye ale peke yake. Sisi tulisema. Fisi na nyama wapi na wapi?"

"Tulisema," wakaitikia wengine. Na kusema kweli walikuwa wamelisema siku nyingi.

Fisi hakuogopa. "Yupo shahidi," akasema. "Ndugu yangu alikuwa kando yangu tangu mwanzo. Ndugu yangu, waambie."

Wote wakamgeukia Bweha. Jua lilikuwa linampiga usoni. Alihisi kama kila mmoja anauona mkia wake, akaukalia.

"Mimi nilikuwa nanoa kisu," akasema. "Sikuona alichotia."

Lisikilizeni hilo neno. Hakusema Fisi ana kosa. Alisema hakuona alichotia. Likatosha.

Fisi akalia. Na kilio cha fisi mnakijua, kinatoka kama kicheko. "Tazameni, na anatucheka," wakasema. Bibi Simba akakata shauri. "Jua lisituchwelee nawe upo huku. Chukua mkeo na wanao, uvuke mto, usirudi."

Ng'ambo ya mto hapakuwa na mawindo wala maji. Mke wa Fisi alikuwa ananyonyesha. Kila mmoja alijua maana ya kuvuka, na kila mmoja akatazama pembeni.

Bweha akajificha shimoni kwake. Akaulamba mkia ausafishe. Ukawa mchungu. Akaulamba tena, uchungu ukahamia kooni. Alijichukia. Aliwaza, nitasema. Akawaza, watasema nini. Akabaki hapo, ananuka nyongo, mpaka akasikia hodi.

Alikuwa Fisi. Chungu begani, vumbi usoni.

"Ndugu yangu, sikuja kukulaumu," akasema. "Hukuona, ungesema nini? Nimekuja na ombi. Mimi na mke wangu tutavuka. Watoto hawatafika. Nakuomba ubaki nao. Wengine wote wananiona mwizi, watawaita wana wa mwizi. Nina wewe tu."

Uso umeumbwa na haya, na wa Bweha ulijaa haya mpaka ukashindwa kuinuka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Haipasuki hata siku moja, ndiyo tabu yake.

"Fisi," akasema, "nyongo niliipasua mimi."

Fisi akashusha chungu polepole.

"Kabla hujanipa nyama?"

"Kabla."

"Na niliposema uwaambie, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Fisi akakiinua chungu, akakirudisha begani. Kisha akasema, "Kawaambie wao. Mimi nilikuwa najua kwamba sikutia kitu."

Bweha akatoka mbio. Akaenda mpaka pale penye majivu ya jiko, wanyama wote wapo, wamelala kwa njaa. Akasimama katikati. Akasema yote. Alivyotazama nje na kisu kiko ndani. Alivyofuta kwa mkia. Alivyoficha kifuko chini ya matawi. Alivyomtazama Fisi usoni akasema hakuona. Hakujipunguzia hata kidogo.

Kisha akainamisha kichwa, akangoja wamcheke.

Sasa alikitaka hicho kicheko. Wangemwimbia kisimani, angeshukuru. Wangemtungia wimbo wa masika na wa kiangazi, angeitikia kiitikio. Aliinua macho kidogo. Hakuna aliyecheka. Watoto walimtazama tu.

Bibi Simba akainuka, akampita Bweha kama anapita jiwe, akaenda kwa Fisi aliyekuwa amemfuata nyuma. "Baba, tumekukosea," akasema. "Usivuke. Rudi jikoni kwako."

"Sivuki, kwa ajili ya watoto," akasema Fisi. "Jikoni sirudi. Leo nimejua mnavyoniona. Mlihitaji neno moja tu kuniamini mwizi, na neno lenyewe lilikuwa 'sikuona'."

Hapo kila mmoja akatafuta pa kuweka macho yake.

Fisi akahamisha mafiga yake mbali na wengine, na mpaka leo anakula kivyake. Bweha akaacha kisu. Ukimwona leo, utamwona nyuma ya wenzake, kichwa chini, anangoja wote washibe.

Kila asubuhi alipita nyumbani kwa Fisi. "Umeamkaje, ndugu yangu?"

Fisi alikuwa mstaarabu. Hakuwahi kuacha salamu bila kuijibu.

"Salama, Bweha," alijibu. Wala hakuongeza neno.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo yake ni haya. Mficha uchi hazai. Kosa la mkono ukilisema papo hapo, ni kicheko cha siku moja. Ukilificha, atalibeba asiyelitenda, nawe utapoteza usichoweza kukiwinda tena. Na wewe unayewatungia nyimbo wanaokiri, jua unawafundisha wengine kuficha.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia. Aliyeipenda aende nayo, na mwenye lake la kusema, asingoje chungu kichemke.