Mguno wa Inveta

Hapo zamani, zamani ya majuzi tu, ukungu ulifunika kijiji cha mlimani siku nne, na paneli za zahanati hazikuona jua. Ndani, Atupele alikaa na kichanga chake, aliyezaliwa kabla miezi haijatimia. Mtoto alipumua kwa mashine ya hewa. Mashine iliendeshwa na inveta, kile chombo cha ukutani kinachougeuza umeme uliolala kwenye betri uwe umeme wa kufanya kazi.

Aliyeifunga ni fundi Ambwene, aliyefariki mwezi huohuo wa ukungu. Aliitega hivi: betri ikichoka, kata; ikijikusanya, washa. Kila alipokuwa kazini aliguna wimbo uleule puani.

Siku ya nne, adhuhuri, inveta ililia, ikakata.

Nesi Sekela akashika mfuko wa kupulizia hewa. Akabinya, akabinya, akabinya. Tupokigwe, mjane wa fundi, alikuwa amekuja kumjulia hali mzazi. Akasema, "Nyumbani kuna betri ya marehemu."

"Si chumba chake kimefungwa mpaka matanga yaishe?" nesi akauliza.

"Kimefungwa," akajibu, akatoka mbio.

Nesi akabinya mpaka vidole vikakataa. Midomo ya mtoto ikabadilika rangi. Hapo inveta ikawaka yenyewe. Ikaguna, na mguno ulikuwa na wimbo. Atupele aliujua: ni ule wa fundi. Iliguna mpaka mjane alipoingia na betri kichwani, kisha ikazimika.

Nesi akaunganisha nyaya. Mtoto akapumua.

"Niliiacha uvunguni mwa kitanda," mjane akasema, akihema. "Nimefungua chumba, nimeikuta mlangoni kwa ndani. Imefutwa vumbi."

Kwao, kitovu kikidondoka, mtoto aliyeponea kifo hupewa jina la aliyemwokoa. Kikadondoka.

"Mwite Sekela," nesi akasema. "Bila vidole hivi ungekuwa unazika. Na mguno wa inveta usiutafutie maana, mdogo wangu. Betri ikipumzika hujikusanya kidogo."

"Mwite Tupokigwe," mjane akasema. "Nimevunja matanga, shemeji zangu hawanisalimii tena. La mume wangu usimpe. Mtoto akipewa jina la marehemu, humfuata kaburini."

Ambwene hakusema kitu. Ila ukungu ulirudi, na kila Atupele alipojaribu kutamka Sekela, au Tupokigwe, mguno wa inveta ulikatika ukutani na pumzi ya mtoto ikasita.

Nyinyi mnaosikiliza, mtoto yuko mapajani mwa mama yake na hana jina. Angekuwa wenu, mngemwita nani?