Rundo la Lushinge

Wapendwa, fumbeni macho kidogo, mwone nyumba ya bati begani mwa kilima. Hapo aliishi Lushinge na mkewe Nyamizi. Ujanani Lushinge alikuwa akichenjua dhahabu kwa zebaki, na mchanga uliobaki akaurundika nyuma ya nyumba. Baadaye akaiacha kazi ile, akaokoka, akawa mkulima. Rundo likabaki.

Ikafuata miaka ya ukame. Rundo likakauka, likashika ganda gumu, mbuzi wakawa wanalala juu yake wakiota jua.

"Baba Kulwa," Nyamizi alimwambia, "mabwana afya walisema mchanga ule ukafukiwe mbali, pakavu, na ufunikwe. Lini sasa?"

"Mama Kulwa, mchanga wenyewe umelala. Umemdhuru nani?"

Je, alisema uongo? Kwa macho, hapana. Kisima kilikuwa safi, watoto wazima.

Kisha mvua zikaja, na hazikuondoka. Msimu ule ulikuwa kama ndoto. Ukungu ulikaa mpaka jua lilipopanda. Chini ya rundo maji yakajaa, yakatulia, mbingu nzima ikalala humo. Majani yakadondoka, yakaozea chini taratibu, maji yakawa ya rangi ya chai, tena ya uvuguvugu. Yangeyange wakashuka. Yungiyungi yakafunua maua. Lushinge akapandikiza perege, wakanenepa, akawa anawagawia majirani wa bondeni huku akisema, "Mungu amenifuta jasho."

Asubuhi moja Nyamizi akashindwa kufunga vifungo vya blauzi yake. Vidole vilikuwa na ganzi. Haikupita muda, akaanza kuyumba akitembea.

Hospitalini daktari akawauliza wanakula nini, akaagiza maji na samaki wapimwe. Majibu yalipotoka akawaita.

"Ni zebaki. Imo kwenye samaki."

"Daktari, mimi zebaki niliiacha zamani! Lile rundo halijaguswa na mtu."

"Limeguswa na mvua, mzee wangu. Kwenye ukavu zebaki ilikuwa imetulia. Maji yameitoa mchangani, na humo kwenye joto na majani yaliyooza imegeuka sumu kali zaidi, inayoingia mpaka kwenye nyama ya samaki."

Lushinge angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini alishuka bondeni, nyumba kwa nyumba. "Msile tena samaki wangu," alisema. "Sumu imetoka kwangu." Wengine walimfukuza. Wengine walilia naye. Wataalamu wakaja, rundo likahamishwa. Vidole vya Nyamizi havikupona. Mumewe ndiye anayemvalisha, na akikosea kifungo, wote wawili hucheka, kisha huanza upya.

Na sisi je? Tunasema, "Chuki yangu kwa ndugu yangu imekwisha, mbona tunasalimiana?" Imekwisha, au mvua haijanyesha? Mara nyingi tunachokiita amani ni ukame tu. Ukija msiba, ukija urithi, ikija hata ile baraka tuliyoiombea, yaliyomo ndani yanatoka. Na wanaoyala ni nani? Si adui zetu. Ni wale tunaowapakulia kila siku.

Usimwombe Mungu azuie mvua; ondoa rundo. Unamjua mtu wako. Jina lake limekujia sasa hivi, nimeona ukiinamisha kichwa. Basi leo tukitoka ibadani, msipange foleni mlangoni kunipa mkono mimi. Mkono huo mpelekeeni yeye.