Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Perisi

Hapo zamani, wala si ile ya sungura na fisi, ni zamani ya watu ambao wajukuu wao tunawajua, alikuwako mwanamke aliyeitwa Perisi. Sogeeni. Mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Perisi alikuwa mwinjilisti. Hakuolewa. Kanisa lilipotafuta mtu wa kupeleka Neno nchi ya ng'ambo ya ziwa, huko milimani wanakosema lugha nyingine, wanaume walitazama viatu vyao. Perisi akasimama. Akamuaga mama yake, Rasoa, mjane. Akamuaga kaka yake, Adagala, shemasi wa kanisa. Akamuaga shoga yake, Ayuma, waliyebatizwa naye siku moja katika mto mmoja. Akaenda.

Akakaa huko miaka. Vita vikafunga njia, habari zikakatika. Kisha akaja mjumbe wa kanisa, akasema mlima umeporomoka, nyumba ya misheni imefukiwa, na waliokuwamo hawakupatikana. Mjumbe hakusema uongo. Nyumba ilifukiwa kweli. Ila Perisi hakuwamo. Usiku ule alikuwa kijiji cha pili akimzalisha mwanamke. Nani angelijua hilo?

Sasa, huku kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo yake, ukaliliwa kama mtu na kuzikwa kama mtu. Asipofanyiwa hivyo wanasema anazurura, hana pa kulala. Rasoa aliamini hivyo. Mvua ikinyesha alitoka uani akisema mwanangu analowa. Akaacha kula. Akakonda hadi watu wakaanza kumtazama yeye badala ya kumlilia bintiye.

Adagala alikuwa amehubiri dhidi ya mgomba, tena kwa sauti kubwa. Lakini alimwona mama yake anakwisha. Akachukua panga, akaukata mgomba, akauvika gauni la dada yake. Kanisa likamvua ushemasi Jumapili iliyofuata. Wazee nao, ambao angalau aliwafurahisha, wakamwambia msichana asiyeolewa hazikwi ndani ya boma. Huzikwa nyuma ya ua, kwenye michongoma. Akawasihi. Wakakataa. Akachimba huko huko, peke yake. Rasoa akaliona kaburi, akarudi ndani, akaomba uji.

Baadaye mke wa Adagala akajifungua mtoto wa kike, mtoto akalia bila kunyamaza. Wakamtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, kama desturi. Lilipotajwa la Perisi, akanyamaza. Akapewa jina hilo.

Na Ayuma je? Ayuma alikataa kwenda matangani. Alisema hawezi kumlilia mgomba, na kwamba Perisi yu hai. Ukimwuliza amejuaje, anasema anajua tu. Wanawake wakaona ni dharau kwa mfiwa, wengine wakanong'ona mambo mabaya zaidi. Wakamtoa kwaya. Wakaacha kwenda naye kisimani. Mumewe akachoka kusemwa, akamrudisha kwao.

Siku moja sokoni akakutana na mchuuzi wa samaki wakavu kutoka ng'ambo, aliyevuka ziwa kwa kujificha vita. Mchuuzi akamweleza kuna mwanamke wa huku kwenu kule milimani, mwinjilisti, anatibu wagonjwa huku akiimba nyimbo za kwenu, na amewatuma wote wanaovuka wawaambie nyumbani kwamba yu mzima. Ayuma akakimbia hadi kwa Adagala.

Adagala akasikiliza. Akaamini, hilo mlishike. Kisha akamwambia Ayuma, "Mama ameanza kula. Nikimwambia yu hai, halafu asirudi, nitakuwa nimemfisha mara mbili. Nyamaza."

Na Ayuma, ambaye kijiji kizima kilishindwa kumnyamazisha, akanyamaza.

Vita vikaisha. Perisi akarudi, lakini kifua kilikuwa kimemmaliza. Akikohoa, kitambaa kinatoka na damu. Alikuja kufia kwao, basi. Adhuhuri moja akasimama langoni akapiga hodi, akasema, "Ni mimi, Perisi."

Akatoka mtoto mdogo, mkono mdomoni. Akamwambia, "Perisi ni mimi."

Rasoa akatoka kumfuata mjukuu wake. Akamwona. Akakaa chini palepale kwenye tope. Mnadhani alimkumbatia? Alirudi nyuma kwa makalio, akimvuta mtoto. "Rudi ulikolala, mwanangu," akasema. "Tulikulaza vizuri. Mbona umeamka?"

Mimi nikifika hapa huwa nasita kidogo. Mtu amekwenda kuwaambia wageni habari za kufufuka, amerudi kwao, na mama yake mzazi anamwogopa kama mzuka.

Perisi akauliza amelazwa wapi. Adagala akampeleka, kichwa chini. Nyuma ya ua, kwenye michongoma, mbuzi wamefungwa juu ya kaburi kwa kuwa majani yamestawi hapo. Perisi akaangalia. Akasema, "Kule ng'ambo niliwaambia watu kaburi si kitu. Nimewafariji wenye misiba kwa maneno hayo. Leo nimeona langu, na naogopa."

Wazee wakaja. Mgomba ukafukuliwa, hapakubaki ila maji meusi na kola ya gauni. Wakasema desturi: aliyeliliwa akarudi hula chakula chake cha kwanza katika sahani ya mtu mmoja, na mwenye sahani hiyo ndiye mwenyeji wake. Nyumba ya mtu huyo itakuwa yake, na nyumba hiyo ndiyo itakayomzika. Mchungaji naye akaja mbio, akaahidi nafasi nyuma ya kanisa. Perisi akamshukuru, akasema anataka kuzikwa na mtu, si na baraza. Hakuna aliyesema kwamba jambo lenyewe liko mbali. Kitambaa walikuwa wamekiona.

Zikawekwa sahani tatu uani, kila moja na ugali wake.

Rasoa akasukuma ya kwake. "Mgomba niliutaka mimi. Nilikuogopa langoni, ndiyo, nilikuogopa. Lakini hakuna mwingine hapa aliyekufa pamoja nawe. Kula kwangu. Mimi nilikuzaa, na nyumba yangu iko katikati ya boma. Safari hii hakuna mzee atakayenizuia."

Ayuma akaweka ya kwake, mboga ya mrenda na ugali wa wimbi. "Sikukuzika hata siku moja. Nilipoteza ndoa kwa ajili yako. Boma sina. Mimi nami nimerudishwa, ni kama sijaolewa, nitazikwa kwenye michongoma kama ulivyozikwa wewe. Nyumba ninayokupa ndiyo hiyo, na hutakuwa peke yako." Kisha akaongeza, "Ila nilijua uko hai. Mchuuzi aliniambia. Nikanyamaza."

Rasoa akageuka polepole. "Ulijua?"

"Nilimwambia mwanao."

Rasoa akamtazama Adagala, kisha akavuta kanga akajifunika uso.

Adagala hakukana. Akasogeza sahani ya tatu, kuku mzima, mapaja yote mawili. "Nilijua. Nilimwona mama anakula, nikaificha habari. Ushemasi niliupoteza kwa mgomba wako. Kaburi nililichimba kwa mikono yangu, na nililia juu yake nikidhani umo. Jina lako nalisikia kila asubuhi nyumbani mwangu. Kama ni kosa, nililifanya ili mmoja wenu aishi. Kula kwangu, dada, nikuzike sawasawa, mara hii ndani ya ua."

Perisi akanawa mikono. Akamwuliza Ayuma neno moja tu: alikuwa amejua tangu lini. Ayuma akasema tangu mavuno ya mwaka juzi.

Perisi akafumba macho. Watu wakadhani anaomba, na pengine alikuwa anaomba. Alipoyafumbua akanyoosha mkono, akamega tonge.

Sasa nasikia mnaanza kubishana huko nyuma. Ngojeni, msiseme wote kwa pamoja. Mama aliyemlilia hadi akakaribia kufa, kisha akamkimbia alipomwona. Kaka aliyetoa heshima yake ili mama aishi, kisha akaficha uhai wa dada yake. Rafiki aliyeamini bila ushahidi, kisha akapata ushahidi akanyamaza.

Tonge liko mkononi, la sahani ipi siwaambii. Je, nani alistahili kumzika Perisi?