Mhando na Tonge la Lawama

Sogeeni karibu na nyungo zenu. Mikono iendelee kupukuchua mahindi, masikio nipeni mimi. Tangu asubuhi nawasikia hapo uani mkibishana: Sefu aanze kwenye mechi ya kesho au akae benchi? Juzi kafunga mabao, jana kapiga mpira ukaenda kuvunja miche ya mwalimu. Mmeniumiza kichwa! Na wewe Sefu usinune, mdomo huo utajikwaa nao. Kisa chenu hiki mimi nakijua. Ni cha zamani kuliko mpira wenyewe.

Nikisema "Kale!" nyinyi semeni "Twende!" Kale!

Twende!

Kale ya kale, milima ikiwa bado haijachoka kusimama, na mto huu mnaoufulia nguo ukiwa bado kijana, mkorofi, haambiliki. Kale hiyo hapa kwetu Kwediwe paliishi watu wema, wachapakazi, wenye maneno mengi. Maneno ndiyo mliyorithi nyinyi.

Mashamba yao ya mtama yalikuwa ng'ambo ya mto. Mtama ukianza kuiva, akina mama na watoto walivuka kwenda kuamia ndege. Kidawa, unajua kuamia? Ni kukaa shambani kutwa nzima unawapigia ndege kelele wasile mtama. Walijenga vibanda wakakaa huko mpaka mavuno. Na walivuka kwa daraja la kamba na mizabibu ya mwituni, maana mto ule ulikuwa hauvukiki kwa miguu, wala mtumbwi ulikuwa hauuwezi.

Sasa nisikilizeni. Daraja lile kila masika lilichukuliwa na maji, na kila mwaka lilifungwa upya. Lilifungwaje? Kwa kutupa. Wanawake walisokota ugwe mwembamba, mrefu, wakaufunga jiwe. Mtu mmoja alikimbia, akajizungusha, akalitupa jiwe livuke mto na ugwe wake nyuma. Wachache waliobaki ng'ambo kulinda vibanda waliudaka, wakauvuta. Ugwe ukavuta kamba, kamba ikavuta kamba nene, mpaka daraja likasimama. Mtu yule aliitwa mtupaji, na kijiji kizima kilining'inia mkononi mwake.

Mtupaji wa miaka mingi alikuwa Mzee Sekiete. Mkono wake haukuwahi kukosa. Watu walimsifu njiani, walimsifu kisimani, walimsifu hata akiwa amelala. Lakini miaka haimwogopi mtu. Bega likaanza kumuuma, akatafutwa kijana wa kumrithi. Akaonekana Mhando.

Mhando, jamani! Mrefu, mkono kama mchi, mpole hata kuku walimdharau. Siku ya kwanza ya kumjaribu alitoka kuchunga mbuzi mlimani, akashika jiwe, akakimbia, akajizungusha. Vuuu! Jiwe likavuka mto likaenda kulala kwenye mchanga wa ng'ambo. Watu wakashika vichwa, kisha jioni wakamwita wamseme makosa ya mbio zake. Kesho yake wakamwita tena atupe. Akakimbia, akajizungusha, jiwe likarudi nyuma, likapasua mtungi wa pombe wa Mzee Semkuya.

Msicheke! Haya, chekeni kidogo.

Ikawa ndivyo hivyo. Leo chui, kesho kobe. Akienda msituni kukata miti siku kadhaa, akirudi anatupa jiwe linawashangaza hata korongo wa ng'ambo. Akikaa kijijini, jiwe linaangukia maharage ya watu. Leo chui, kesho kobe. Na hakuna aliyejua kwa nini, naye mwenyewe hakujua.

Hapo lazima niwaeleze desturi yao, la sivyo kisa kitawapita. Kwediwe ya kale ilikuwa mwiko kumsema mtu kisogoni. Ukiwa na neno juu ya mwenzio, anaitwa, anaketishwa kwenye kigoda katikati ya watu. Unakata tonge la ugali, unalichovya mchuzini, unamlisha kwa mkono wako mwenyewe. Akimeza, ndipo unamsema. Walisema kumlaumu mtu mwenye njaa ni ukatili. Naye anayesemwa hakuruhusiwa kukataa tonge, maana kulikataa ni kukataa kuonywa. Na sifa je? Sifa hazikuwa na tonge. Sifa zilitolewa bure, kama salamu.

Ni desturi nzuri, sivyo? Hata mimi naiona nzuri. Ngojeni.

Mwaka mmoja mvua ikaja mapema. Haikubisha hodi. Akina mama na watoto wako ng'ambo wanaamia ndege, mto ukafura, vuum, vuum, ukalibeba daraja usiku mmoja. Ukaula mtama. Ukapanda, ukapanda, mpaka wale wa ng'ambo wakabaki wamejikusanya juu ya kilima kidogo karibu na ukingo, na maji yanawazunguka. Huku kila mtu anamwona mtu wake, lakini sauti haifiki. Waliona mama mmoja akiinua kapu la chakula, akiligeuza chini juu. Halikudondosha kitu.

Mzee Sekiete akachukua ugwe. Akakimbia, akajizungusha, akatupa. Jiwe likaenda sawa kabisa, likaenda, likaenda, likaanguka majini karibu na ng'ambo. Halikufika. Mto ulikuwa umepanuka, bega lilikuwa limezeeka. Wakauvuta ugwe umelowa, mzito kama nyoka aliyemeza mbuzi. Na ugwe ukilowa hautupiki mpaka ukauke, na kuukausha juu ya moshi ni kazi ya kutwa.

"Kesho nitajaribu tena," akasema Sekiete, na kila mtu akaangalia chini.

Ndipo wakaketi kushauriana. Atupe Sekiete ambaye hakosi lakini hafiki, au atupe Mhando ambaye anafika lakini anakosa? Kigoda kikaletwa, Mhando akaketishwa, chungu cha ugali kikawekwa.

Wa kwanza kukata tonge alikuwa Mzee Semkuya, yule wa mtungi. Akamlisha, akasimama.

"Kijana, sikuchukii. Mtungi nilishausamehe."

"Hukuusamehe!" mkewe akasema kutoka nyuma.

"Niliusamehe nusu. Lakini binti yangu Mkunde yuko ng'ambo na mtoto mchanga mgongoni. Mkono wako ni bahati nasibu. Ukikosa kesho, ugwe ukalowa tena, keshokutwa kile kilima kitakuwepo? Nambie wewe, kitakuwepo?"

Hapo hakuna aliyecheka. Akasimama mwingine, akakata tonge: "Unakimbia vibaya." Mwingine, tonge: "Huna utulivu." Mwingine, tonge: "Baba yako naye alikuwa hivi hivi." Tonge, neno. Tonge, neno. Mhando anameza, macho yamemtoka, jasho linamtiririka.

Bibi Chausiku, msokotaji mkuu wa ugwe, hakukata tonge kwa kuwa hakuja kulaumu. "Mimi nilimwona akitupa kutoka mlimani," akasema. "Mkono ule sijauona maishani. Kwa nini tusimsifu walau mara moja, tuone?"

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akajibu Semkuya, akakata tonge lingine.

Wakamwuliza Mhando mwenyewe. Akajikaza, akasema polepole, "Wazee wangu, sijui. Nikitupa vizuri sijui nimefanya nini. Nikitupa vibaya sijui nimekosea wapi. Dada yangu yuko pale. Nampenda kama mnavyowapenda wenu. Mkinipa nitatupa, mkininyima sitanuna."

Akapiga mbweu kubwa.

Na Mzee Sekiete, aliyekuwa ameketi pembeni akijikanda bega, akainua kichwa. Akamtazama Mhando. Akalitazama tumbo la Mhando, limekaza kama ngoma. Akatazama chungu cha ugali, kinaelekea kuisha. Akasimama ghafla hata mkeka ukamfuata.

"Simamisheni tonge hilo!"

Mkono wa Semkuya ukabaki hewani.

"Nambieni," akasema Sekiete. "Miaka yote niliyotupa, nani aliniketisha kwenye kigoda hiki?"

"Hakuna, mzee. Wewe tulikusifu tu."

"Na sifa zina tonge?"

"Hazina."

"Basi miaka yote mimi nimetupa na tumbo jepesi! Huyu akitoka mlimani na njaa yake, jiwe linavuka. Mnaitana, mnamsema, mnamshindilia ugali mpaka shingoni. Kesho yake mnamwambia akimbie, ajizungushe! Akikosa mnamwita tena, mnamsema tena, mnamshindilia tena! Semkuya, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, sawa. Lakini mgema akilishwa kutwa, mnazi haupandi!"

Semkuya akalirudisha tonge chunguni.

"Na si ugali peke yake," akaongeza, sasa kwa upole. "Kila tonge lilikuja na neno. Ugali utashuka. Maneno yanakaa. Mimi nilitaka kutupa kesho. Nautaka bado mkono wangu wa zamani, wallahi nautaka. Lakini watoto wale hawahitaji heshima yangu, wanahitaji ugwe. Atupe Mhando. Na kuanzia sasa hadi atakapotupa, asisemwe na mtu."

Wajukuu zangu, namshukuru mzee yule kila ninapokitaja kisa hiki. Kuachia nafasi uliyosifiwa si kazi ya mtu mdogo.

Basi ikawa kazi kubwa kuliko zote kale ile: kijiji cha Kwediwe kunyamaza. Watu walizunguka wameuma midomo. Mhando akalala bila kula, ugwe ukakauka juu ya moshi, kukapambazuka. Wakashuka mtoni wote. Maji yalikuwa yamebakiza kilima kama mgongo wa kobe tu, na watu juu yake wamesimama wameshikana.

Mhando akashika jiwe. Semkuya mdomo ukaanza kumcheza. "Ila mwaka juzi..." Mkewe alikuwa amekuja na tonge kiunoni, limefungwa kwenye jani. Akamtia mdomoni, pwa! Mzee akabaki anatafuna, machozi yanamtoka, anamtazama binti yake ng'ambo.

Mhando akakimbia. Akajizungusha. Akatupa.

Vuuuuu! Jiwe likapanda, ugwe ukalifuata unalia hewani, likapita katikati ya mto, likapita pale lilipoangukia la Sekiete, likaanza kushuka. Ng'ambo akajitupa mwanamke mmoja kifudifudi, mtoto mgongoni, akaukamata ugwe kwa mikono miwili. Alikuwa Mkunde binti Semkuya.

Ugwe ukavuta kamba. Kamba ikavuta kamba nene. Mpaka jua linageuka, watu walikuwa wanavuka mmoja mmoja, watoto wamefungwa migongoni, wanawake wanalia, wanaume wanajifanya wamepuliziwa moshi. Dada yake Mhando alivuka. Mkunde alivuka na kichanga chake. Hakubaki mtu. Na jioni kilima kile hakikuonekana tena.

Basi Mhando akaketi kwenye jiwe. Mzee Semkuya akaja na bakuli, akapiga magoti mbele yake, mzee mzima na mvi zake, akakata tonge, akalichovya, akalinyoosha.

Mhando akarudi nyuma kidogo. "Mzee, nimekosea nini tena?"

"Hujakosea kitu, mwanangu," akasema Semkuya. "Hili si la kukusema. Hili ni la kukushukuru. Nisamehe, mwanangu, na ule."

Mhando akala. Wanasema alilia kuliko Mkunde. Wakaja na wengine, mmoja mmoja, tonge na ahsante, tonge na ahsante. Na Mzee Sekiete naye wakamlisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akasema kumbe ugali wa kijiji hiki ni mtamu hivi na miaka yote nimenyimwa!

Tangu siku ile desturi ikageuka. Kwediwe mtu akikosea anaambiwa kwa neno fupi, yakaisha. Lakini akitenda jema, ndipo analishwa. Mmeshaona kwenye harusi zetu, kwenye mavuno, mkubwa anakata tonge anamlisha aliyefanya kazi? Mlidhani ni mchezo.

Sasa naona Kidawa ananitazama, anataka kujua yule mtoto mchanga mgongoni mwa Mkunde alikuwa nani. Yule, wajukuu zangu, ndiye mama wa bibi yake bibi yangu. Ndiyo. Mzee Semkuya mliyemcheka ni babu yenu, mdomo huo mmeutoa kwake. Jiwe lile lingeangukia majini, leo hapa pasingekuwa na Kidawa, wala Sefu, wala mimi wa kuwagombeza. Pangekuwa na mahindi tu, na nyani wakiyapukuchua. Kila nikinawa kula, tonge la kwanza nasema moyoni, ahsante Mhando, ahsante Sekiete. Nimezeeka nikisema hivyo, wala sijachoka.

Nanyi shikeni hili: kijana unayemtaka aruke, usimjaze lawama. Mwache atupe kwanza, kisha mkono wako uwe mwepesi wa kushukuru. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema hushindiliwa.

Kesho Sefu ataanza, na hadi filimbi ya mwisho sitaki kusikia neno. Akikosa? Akikosa atarudi hapa hapa kupukuchua mahindi na sisi, hatuna mwingine. Wewe Sefu, njoo. Lete mkono, hapana, lete mdomo. Tonge hili ni la mahindi uliyonipukuchulia leo. Ahsante, baba.

Kale!

Twende!

Tumekwenda, tumerudi, mto tumeuvuka na hakuna aliyelowa. Kusanyeni nyungo zenu, kisa kimeshiba.