Antena ya Marehemu Shomari

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana runinga zilikuwa zimekwisha kufika na watu wamekwisha kuzigombania, palikuwa na mshona viatu akiitwa Shomari.

Shomari alikuwa na antena. Antena ndefu ya mabomba, juu ya paa, kunguru wakiipigania. Runinga hakuwa nayo. Usiniulize mtu ananunuaje antena kabla ya runinga; wewe mbona ulishona kanzu ya harusi kabla ya kupata mchumba? Shomari alitaka heshima, na heshima siku hizo ilikaa juu ya paa. Ndani, pembeni, aliweka sanduku la soli za viatu, akalifunika kitambaa cha kufuma, na mgeni akiingia anadhani ndiyo yenyewe.

Jirani yake Msellem alikuwa na runinga. Antena hakuwa nayo, na hakuitaka. Bodi ya Runinga ya mji ule haikuhesabu runinga, ilihesabu antena: penye antena, pana leseni. Basi Msellem akatoboa ukuta, akapitisha waya, akauunga kwenye antena ya Shomari.

"Nitakuwa nakupa pesa ya leseni," Msellem akasema, "ukalipe kwa jina lako."

"Na mimi nipate nini?"

"Nitafungua sauti kubwa, usikie."

Wakapeana mikono. Ikawa Msellem anatazama, Shomari anasikia. Msellem anatoa, Shomari analipa, tena analipa kifua mbele. Na kila asubuhi barazani ni Shomari anayesimulia: "Jana nimemwona rais wa nchi gani sijui, kavaa koti jekundu." Runinga za mji mzima zilikuwa nyeusi na nyeupe. Watu wa baraza wakatazamana, wakaitikia, "Ehee, jekundu kweli." Walimpenda.

Mkewe, Bi Mwanamvua, naye akasaidia. Akiulizwa mbona ana usingizi, hujibu, "Runinga hiyo, wenzangu, haituachi tulale."

Shomari akafa. Bi Mwanamvua akaingia eda, akawa haonekani na mwanamume wa kando wala hatoki. Leseni nayo ikaisha muda wake, na Bodi haina tanga wala matanga. Ikamtuma mkaguzi, kijana mmoja akiitwa Faki.

"Hodi. Leseni imekwisha, mama."

"Humu hakuna anayetazama, mwanangu," Bi Mwanamvua akajibu nyuma ya mlango. Na alisema kweli tupu.

"Asiyetazama hufungua mlango, nikaingia nikahakikisha. Ndiyo sheria."

"Nimo edani."

"Basi sema tu kwamba runinga hamna. Nitaandika hivyo, nende zangu."

Bi Mwanamvua akageuka, akalitazama sanduku lenye kitambaa. Neno lenyewe moja: hamna. Lakini akilisema, kabla ya alasiri mji mzima utajua, na Shomari atakuwa mwongo kaburini, udongo wake haujakauka. Alimpenda mumewe pamoja na uongo wake, tena uongo ule walikuwa wameulea wote wawili.

"Andika upendavyo," akasema.

Faki akaandika: amekaidi. Na mkaidi, kwa sheria ya Bodi, alikuwa anang'olewa mlango ukawe rehani. Bi Mwanamvua akakimbilia jikoni, Faki akaung'oa.

Upepo ukaingia. Kitambaa kikapeperuka, na Faki akaona soli. Akaona na waya, unatoka darini na kupenya ukutani kwa Msellem. Akaelewa yote pale pale. Kisha akafumba macho, kwani hiyo ni nyumba ya mjane wa eda, akajitwika mlango, akaenda.

Eda iliyobaki Bi Mwanamvua aliikalia jikoni, nyuma ya kuni, na mbele ametundika kanga. Mbuzi waliingia. Mvua iliingia. Wapita njia wakitazama miguu yao, wasije wakaambiwa wamechungulia. Mji mzima uliona kwamba runinga haimo, na mji mzima haukuona. Msellem aliendelea kutazama, ila alipunguza sauti kwa ajili ya msiba. Mtu mwenye adabu.

Eda ilipokwisha, Bi Mwanamvua alikwenda kushtaki kwa Mudiri, mkuu wa mji ule.

"Ndani mwangu mlikuwa na nini, mimi sisemi. Nataka mlango wangu."

Mudiri akamwita Faki; Msellem na watu wa baraza nao wakaja kusikiliza. Mudiri akauliza mlango uko wapi. Faki akasema uko chooni kwa Bodi, umekwisha kutiwa bawaba mpya, na mali ya serikali ikishatiwa bawaba haitoki.

"Basi mmoja wenu atang'oa mlango wa kwake ampe," Mudiri akasema. "Faki, wewe ndiye uliyechukua."

"Mimi nilifuata sheria, Bwana Mudiri. Nimeliona sanduku la soli na waya unaokwenda kwa Msellem, ndiyo. Lakini ningesemaje? Ningesema, ningekiri kwamba nimetazama chumba cha mjane. Nilinyamaza kwa heshima yake. Alipe anayetazama."

Msellem akainuka mbio. "Nimetazama, sikatai. Lakini ya leseni ningempaje shemeji, naye yumo edani? Na ningejitaja, mngejua kwamba Shomari hakuwa na runinga maisha yake. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Tena hata watu wa baraza walijua!"

Watu wa baraza wakainama. Mmoja akasema polepole, "Tulijua. Lakini nani amwumbue maiti kwa ajili ya mbao?"

Basi kila mtu alikuwa na heshima zake, na kila mtu alikuwa na mlango wake. Kila mmoja alinyamaza mlango wa mwenzake ulipokwenda, na kila mmoja akasema wake ulipotajwa.

Bi Mwanamvua alikuwa amesimama, kashika ushungi. "Nimelala na mbuzi ili neno hilo lisitamkwe," akasema. "Leo mmelitamka nyote, tena mbele ya Mudiri. Mlango mtanipa. Jina la mume wangu atanipa nani?"

Mudiri akakuna kidevu, akaahirisha kesi, na hajaifungua mpaka leo.

Basi hukumuni nyinyi. Yuko Faki, aliyeona akafumba. Yuko Msellem, aliyetazama bure. Wako wa baraza, watu wazuri kama nyinyi hivi, waliojua wakainama. Tena wako wanaosema ni Bi Mwanamvua mwenyewe, aliyelinda uongo akaacha mlango wende. Je, nani kati yao alistahili kulala bila mlango?